Vita vya Kaburi la Mzee Mkwinda

Nchi ya Stahimili ipo, ila msijisumbue kuitafuta kwenye ramani, maana waliochora ramani hawakukirimiwa hata chai walipopita huko. Imepakana na nchi ya Subiri, na katikati yao unapita mto Lihunde, mto mpole ambao kiangazi mbuzi huuvuka bila kulowesha tumbo.

Serikali ya Stahimili ilipenda mambo mawili kwa moyo wake wote. La kwanza lilikuwa jeshi. Nchi haikuwa na adui hata wa kusingiziwa, lakini ilikuwa na vifaru vingi kuliko matrekta, na kila sikukuu vilipita mbele ya Mtukufu Rais vikitoa moshi mweusi, naye akivipigia saluti mpaka mkono ukafa ganzi. La pili lilikuwa Mageuzi Makuu ya Afya. Haya yalipendwa zaidi kwa kuwa hayakuhitaji mafuta. Bungeni, bajeti ya Ulinzi iliposomwa wabunge walipiga meza ikapita. Iliposomwa ya Afya, walikwenda kunywa chai.

Kijiji cha Mkunguni, ukingoni mwa Lihunde, kiliyapata mageuzi hayo mapema kuliko vijiji vingi. Kwanza zahanati yake ilipakwa rangi ya kijani. Kisha ikabadilishwa jina, ikawa Kituo Jumuishi cha Ustawi wa Mwili wa Mwananchi, na kwa kuwa kibao kilikuwa kirefu kuliko ukuta, dirisha moja likazibwa ili kipate pa kukaa. Baadaye muuguzi wake, ambaye ndiye aliyekuwa peke yake, aliitwa mji mkuu kuhudhuria semina ya namna ya kuwa karibu na wagonjwa. Yuko huko mpaka leo, na tunasikia anafanya vizuri sana. Dawa nazo ziliwekwa katika awamu ya nne, na awamu ya nne ilikuwa bado inatafutiwa tarehe.

Wakati huo wote watu wa Mkunguni walikuwa wakiugua kama kawaida, na wengine wakifa, jambo lililomfanya Bi Somoe Nambunga awe mtu mwenye shughuli nyingi. Bi Somoe alikuwa mwenyekiti wa chama cha kuzikana. Yeye ndiye aliyejua sufuria za msiba zilipo, nani hajaleta kuni, na sanda ngapi zimebaki sandukuni. Alikuwa mjane, mwanamke wa sauti kubwa na huruma ya kujificha, na aliweza kumgombeza mfiwa hadi akala.

Lakini siku hizo Bi Somoe hakuwa na amani hata chembe. Binti yake wa pekee, Tabia, alikuwa mjamzito. Mimba ya kwanza ya Tabia iliishia njiani. Walimbeba juu ya kitanda kuelekea hospitali ya mkoa, wakafika kwenye daraja la barabara ya mkoani wakakuta limefungwa kwa sababu vifaru vilikuwa vikifanya mazoezi ya kuvuka. Walisubiri vivuke. Vilipomaliza kuvuka, vilirudi kuvuka tena, na mtoto akafia pale pale kando ya barabara, akiwa hajaona jua. Bi Somoe alimzika kwa mikono yake na hakumwambia mtu jinsi alivyolia. Sasa mkunga wa kijiji alikuwa amemkanda Tabia tumbo, akalikanda tena.

“Mtoto amekingama,” alisema mwishowe. “Somoe, sikufichi. Huyu hatoki kwa kusukuma. Huyu anataka kisu cha daktari.”

Tangu siku ile, kila Bi Somoe alipofungua sanduku la sanda kuhesabu, hesabu ilimpotea akaanza upya.

*

Hapo ndipo Mzee Mkwinda alipofariki, kifo cha uzee tu, na vita vikaanza.

Lazima ieleweke kwamba watu wa Mkunguni na watu wa ng'ambo ya mto ni watani. Wanaoana, wanakopeshana majembe, na msiba ukitokea upande mmoja, watani wa upande wa pili hawaji kulia. Wanakuja kuvuruga, ili wafiwa wasife kwa majonzi. Kwa hiyo asubuhi ya maziko, Likongo, fundi baiskeli kutoka Subiri, alivuka mto na kundi lake. Wanawake walikuwa wamevaa suruali kuukuu vichwani, wanaume wameshika michi. Kabla maiti haijafikishwa, Likongo aliruka akatua ndani ya kaburi, akajilaza.

“Hazikwi mtu hapa!” alipiga kelele kutoka chini. “Marehemu alikula kuku wangu! Na ardhi hii ni yetu! Na mto ni wetu! Na mjane ni wetu! Tupeni fidia, la sivyo nalala humu mpaka masika!”

“Toka humo, mbwa wa Subiri wewe, kabla sijakufukia!” Bi Somoe alijibu, akammwagia ungo mzima wa unga.

Mjane wa marehemu, ambaye alikuwa hajanyanyua uso tangu jana yake, alicheka kwa mara ya kwanza. Likongo alipewa paja la kuku akatoka kaburini mweupe kama mzimu, kisha akachukua jembe na kumzika Mzee Mkwinda yeye mwenyewe, machozi yakichora mifereji kwenye unga, maana marehemu alikuwa rafiki yake mkubwa.

Nyuma ya mkorosho, hatua chache tu kutoka pale, alikuwa amesimama Kapteni Eliudi Fungafunga, Afisa Usalama wa Mpaka, aliyehamishwa kutoka mji mkuu wiki hiyo hiyo. Kapteni alizaliwa kambini, akalelewa kambini na baba aliyelelewa kambini, na katika maisha yake hakuna binadamu aliyewahi kumtania. Alitazama yote yale kwa darubini, ingawa angeweza kuyagusa kwa mkono. Kisha alishika redio ya upepo.

“Kikosi cha raia wa Subiri chenye silaha za mbao kimevamia ardhi ya taifa,” aliripoti. “Kamanda wao amejichimbia kwenye handaki. Wanadai mto, ardhi na wanawake. Wananchi wetu wamejibu mapigo kwa unga.”

Taarifa hiyo ilipofika mji mkuu, Waziri wa Ulinzi, Jenerali Pankrasi Mkakamavu, alilia kwa furaha. Alikuwa amevaa medali miaka yote bila vita na shingo ilikuwa ikimuuma kwa uzito na aibu. Waziri wa Afya aliuliza kama haingekuwa vema kumtuma mtu kwanza akaulize kulikoni. Aliambiwa akae chini, lakini hakuweza, kwa sababu katika chumba cha Baraza la Ulinzi hakukuwa na kiti chake.

Watu wa Mkunguni walipata habari wakiwa matangani. Wenyeji na watani walikuwa wameketi sinia moja moja, wanakula ubwabwa, redio ikafunguliwa.

“Ndugu wananchi!” Mtukufu Rais alinguruma. “Adui ameingia kaburini mwetu! Nasema hivi: kaburi ni letu! Hatutampa adui hata kaburi moja! Yote tutayatumia wenyewe!”

Likongo aliacha kutafuna. “Adui gani huyo?”

“Subiri,” alijibu Chande, mkwe wa Bi Somoe, mume wa Tabia, ambaye naye alizaliwa ng'ambo.

“Subiri si ndiyo sisi?”

“Ndiyo nyinyi,” Bi Somoe akasema.

“Basi sogezeni hayo maharage,” Likongo alisema, “tusije tukaanza kupigana nikiwa na njaa.”

*

Jeshi lilikuja kwa msafara wa vumbi. Vilikuja vifaru, ikaja mizinga, ikaja bendi. Na nyuma kabisa yalikuja malori yenye alama ya msalaba, kwa kuwa jeshi linalojiheshimu haliendi vitani bila hospitali. Kabla ya jua kutua, kwenye uwanja wa mpira wa Mkunguni kulikuwa na hema kubwa la turubai la kijani lenye vitanda, jenereta, mashine ya kupiga picha mifupa, majokofu yaliyojaa chupa za damu, na meza ya upasuaji chini ya taa kubwa. Mwenye taa ile alikuwa Meja Daktari Yustina, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi.

Bi Somoe aliiona taa kupitia uzio, akasimama pale mpaka giza likaingia. Kitu alichokuwa akikiomba kila sujudu kilikuwa kimeletwa hadi mlangoni kwake, kimewashwa. Kesho yake alimshika Tabia mkono wakaenda langoni, na langoni alikuwapo Kapteni Fungafunga.

“Hii ni hospitali ya majeruhi wa vita, mama,” alisema Kapteni, bila ukali, kama mtu anayeeleza kwamba maji ni ya kunywa. “Sharti mgonjwa awe ameumizwa na adui.”

“Na aliyeugua mwenyewe, baba?”

“Huyo anasubiri mageuzi.”

Siku zikapita. Meja Yustina alikaa mbele ya hema akinoa visu ambavyo havikuwa butu. Majeruhi hawakuwapo, kwa sababu hakuna upande uliojua vita vinaanzaje. Askari wa Stahimili na wa Subiri walioga mto mmoja kwa zamu, kisha wakaacha zamu wakaoga pamoja, maana sabuni ilikuwa upande huu na vitana upande ule. Kapteni alianza kukonda. Kila asubuhi Jenerali alimpigia simu akiuliza vita gani hivi visivyo na hata mtu aliyejikwaa, na Hazina wameanza kuuliza maswali.

Bi Somoe hakusoma sana, lakini aliposikia Kapteni akihangaika simuni alielewa kwamba yule bwana naye ana shida yake, na shida mbili zikikutana huenda zikasaidiana. Alimfuata Bakili, jirani yake, aliyekuwa akiteseka na ngiri tangu mwaka juzi, akampeleka langoni.

“Nani amekuumiza?” Kapteni aliuliza kwa mazoea tu.

“Adui, afande,” Bakili alijibu kama alivyofundishwa. “Yule Likongo. Alinibebesha gunia la mihogo.”

Uso wa Kapteni ulichanua. “Alitumia gunia?”

“Gunia la kilo mia.”

“Silaha nzito,” Kapteni alisema kwa heshima, akafungua lango. Bakili alipasuliwa siku hiyo hiyo, akarudi nyumbani anatembea kama bwana arusi.

Baada ya hapo lango halikufungwa. Nani Mkunguni hakuwa na ndugu, shemeji au mdeni ng'ambo? Hapakuwa na ugonjwa ambao ukiufuatilia vizuri hauvuki mto. Aliyeoza jino alikuwa ametafuna kashata ngumu kwenye arusi ya Subiri. Mwenye vidonda vya tumbo alikuwa na mawifi wawili kutoka huko. Wenye malaria walieleza kwamba mbu huonekana jioni wakija kwa makundi kutoka ng'ambo, na Kapteni akaripoti mashambulizi ya anga. Wagonjwa walipona. Watoto waliozoea kulia usiku walinyamaza, na Bi Somoe, kwa mara ya kwanza tangu apewe uenyekiti, alikaa bila kupika chakula cha msiba.

Wasubiri hawakukubali kuachwa nyuma. Likongo aligundua kwamba sheria za vita zinataka mateka mgonjwa atibiwe, basi akavuka mto na jipu lake, mikono juu.

“Nimetekwa,” alimwambia mlinzi.

“Na nani?”

“Chagueni wenyewe, mimi nina maumivu.”

Tangu hapo kila alfajiri Wasubiri walivuka mikono juu, wamefunga mikeka mgongoni na uji kwenye vibuyu. Foleni ya kutekwa ilikuwa ndefu hadi ikabidi wapangwe, na akina mama wenye watoto wachanga walipewa nafasi ya kutekwa mwanzo.

Ndipo Bi Somoe alipomrudisha Tabia, safari hii pamoja na Chande.

“Huyu ameumizwa na nani?” aliuliza Kapteni, akilitazama lile tumbo.

“Na mimi, afande,” alisema Chande.

“Raia wa wapi?”

“Subiri.”

“Ulikusudia?”

Chande alimtupia jicho mama mkwe wake, akainamisha uso. Mambo haya hayasemwi mbele ya mkwe. “Kwa kweli, afande,” alinong'ona, “nilikusudia.”

“Shambulio la makusudi!” Kapteni alimwambia mlinzi. “Apite haraka.”

Meja Yustina alimpima Tabia kwa muda mrefu. “Ni kweli, amekingama,” alisema. “Nitampasua. Lakini bado hajakomaa, mama, nikimtoa leo mapafu yake hayatamudu. Mwache kwanza. Uchungu ukianza tu, mleteni mbio.”

Bi Somoe alitaka kumshukuru. Alimshika daktari mikono yote miwili akaitikisa tu, kisha akaenda zake nyuma ya hema akalia mpaka kanga ikalowa.

*

Kilichoharibu mambo ni ushindi. Kapteni aliripoti mateka wengi hivi kwamba mji mkuu ulikokotoa ukagundua kuwa zaidi ya nusu ya adui wameshatekwa. Huko Subiri nako, serikali yao iliona watu wake wakirudi kutoka utekani wamenawiri, meno yamezibwa, ikatangaza kwamba wametoroka kishujaa. Nchi zote mbili zilikuwa zimeshinda, na zikishinda zote hakuna la kufanya ila amani. Ikatangazwa kwamba marais wawili watatia sahihi mkataba pale pale Mkunguni, na jeshi litarudi kambini.

“Na hospitali?” Bi Somoe alimuuliza Meja Yustina.

“Inarudi ghalani.”

“Ghalani? Inafanya nini ghalani?”

“Ndiko inakokaa wakati wa amani.” Meja alikuwa anatazama chini. “Mimi ni askari, mama. Nikimpasua raia wakati wa amani, nitakuwa nimeiba mali ya jeshi. Mwombe Mungu uchungu uanze kabla.”

Uchungu haukuanza. Siku moja kabla ya sherehe Bi Somoe alivuka mto akamkuta Likongo anaziba pancha.

“Mtani,” alisema, “nataka unisaidie kuharibu amani.”

Likongo aliangua kicheko, kama afanyavyo kila Somoe anapofungua kinywa, lakini alipomwona macho alinyamaza akamvutia kigoda. Waliyapanga pale pale. Ikiwa matusi ya kaburini yalileta vita na hospitali, basi matusi mazito zaidi, mbele ya majeshi yote, hayatashindwa kuvirefusha.

Siku ya sherehe uwanja ulifurika. Kwenye jukwaa waliketi marais wawili, Jenerali Mkakamavu, na nyuma kabisa, safari hii kwenye kiti, Waziri wa Afya. Kikundi cha ngoma cha akina mama kiliitwa kutumbuiza. Bi Somoe akiwa mbele alicheza, alicheza, akapanda jukwaani, akamvua Rais wa Subiri kofia yake, akaivaa.

“Kumbe ndani ya kofia hamna kitu!” alipaza sauti. “Kichwa kidogo hiki ndicho kinachoongoza nchi? Kwetu tungekifanya kifuniko cha chungu!”

Ngoma ilikatika. Jenerali alisimama. Kapteni Fungafunga alipeleka mkono kwenye bastola, macho yanang'aa. Bi Somoe alifumba yake akiomba dua: Mola, nipe vita vidogo tu.

Rais wa Subiri alimtazama. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akakohoa. Bibi yake mzaa mama, kumbe, alitoka ukingoni mwa Lihunde.

“Ichukue, mwanamke mchafu!” alisema akijifuta machozi. “Ina chawa wa kuutosha ukoo wenu mzima!”

Uwanja ulilipuka kwa vicheko. Rais wa Stahimili, ambaye hakuelewa, aliinamia upande na kunong'onezwa na mpambe wake.

“Ni utani, Mtukufu. Hawa wakitukanana ndiyo wanapendana.”

“Utani,” Mtukufu alirudia, akiionja ile habari. “Safi sana! Utani!”

Kapteni Fungafunga alitoa mkono kwenye bastola taratibu. “Kumbe hata lile kaburi...” alianza.

“Nyamaza,” alisema Jenerali. “Medali zimeshachongwa.”

Rais wa Subiri akatia sahihi. Ilibaki ya mwenzake, ambaye kwanza alikuwa na maneno machache. Bi Somoe alishuka jukwaani haoni mbele, na chini alikutana na Chande anahema.

“Mama, umeanza!”

Walimfikisha Tabia hemani wakakuta askari wameshaanza kung'oa vigingi. Wodi ilikuwa imelala chini. Meja Yustina alimwangalia Tabia, akamgeukia Kapteni.

“Vita vimekwisha?”

Kapteni alikuwa mtu wa taratibu, na taratibu alizijua. “Vitakwisha Mtukufu akishatia sahihi.”

“Atatia lini?”

“Akimaliza hotuba.”

Wote walitazama jukwaani, ambako Mtukufu alikuwa ndiyo kwanza anapuliza kipaza sauti.

“Mlazeni mezani,” Meja aliamuru, akaanza kunawa mikono. “Na wewe mama, nenda. Asimalize.”

Bi Somoe hakuwahi kukimbia vile tangu usichana wake. Nchi nzima ilizijua hotuba za Mtukufu na kuziogopa. Watu walikuwa wakijifanya wameshikwa na kifafa ili watolewe nje. Leo Bi Somoe alipiga kigelegele hata kabla Mtukufu hajamaliza kuwasalimia watu. Rais alishtuka, maana alizoea vigelegele vya kuamriwa.

“Rudia, Mtukufu!” Bi Somoe alipiga kelele. “Hatujasikia vizuri utamu wake!”

Mtukufu akarudia. Neno lilipita sikio kwa sikio, Tabia yuko mezani, na umati wa kingo zote mbili ukasimama. Walishangilia vifaru. Walishangilia kimoja kimoja. Walishangilia Mageuzi Makuu ya Afya, na Mtukufu kwa kuguswa akaanza kueleza awamu zote, pamoja na ile ya rangi ya kijani. Bakili, aliyepona ngiri, aliruka juu kuliko vijana.

“Na kwa hayo machache...” Mtukufu alisema, akitafuta kalamu.

“Bado! Bado!”

“Mtukufu,” Likongo alipaza sauti, “tusimulie ulivyozaliwa!”

Mtukufu akavaa tena miwani. Akazaliwa, akachunga mbuzi, akaenda shule peku. Rais wa Subiri alikuwa amelala, kichwa wazi juani. Kule hemani amri ya kubomoa ilikuwa ingali amri, na askari waliitii. Waling'oa vigingi vyote isipokuwa vya upande wenye meza, na nguzo ya upande huo, iliyokuwa inataka kuanguka, waliishikilia kwa mabega yao. Sauti ya Bi Somoe ilikauka. Alipiga makofi mpaka viganja vikavimba, na katikati ya kila kofi alikuwa akisema kimoyomoyo, Mola, mponye mwanangu, mlinde mwanangu, huyu mzee aongee.

Mtukufu alikuwa amefika darasa la tano wakati kilio chembamba, cha hasira, kilipotoka chini ya turubai.

Shangwe iliyolipuka pale hakuna rais duniani aliyewahi kuipata. Watu walikumbatiana, wakarusha kofia, Wasubiri na Wastahimili wakabebana. Mtukufu alishindwa kuendelea, akatoa leso. “Sijawahi kupendwa hivi,” alisema, na huku machozi yakimdondoka juu ya mkataba, akatia sahihi.

Bi Somoe alimkuta Tabia mzima, hoi kwa uchovu, anatabasamu. Meja Yustina alimwekea mjukuu mikononi, wa kike, amefungwa kanga yenye damu, kisha akageuka kupanga visu vyake sandukuni. Hapo mpambe akaja: yule mama wa vigelegele anaitwa jukwaani.

Alipanda na mjukuu wake kifuani.

“Mama,” Mtukufu alisema kwenye kipaza sauti, “katika nchi yangu yote hakuna aliyenishangilia kama wewe. Omba lolote.”

“Naomba lile hema libaki, Mtukufu,” Bi Somoe alisema kwa sauti iliyokwaruza.

“Hema la vita? Lakini mama, vita vimekwisha. Sasa mna amani.”

“Amani itatumaliza, baba.” Alikuwa hapigi kelele tena, ila kipaza sauti kiliichukua sauti yake na kila mtu akasikia. “Mimi ni mwenyekiti wa kuzikana. Muda wote wa vita hivi sijazika mtu. Sijazika mtoto, sijazika mzazi, sanda zangu zimeliwa na mende. Wakati wa amani nazika kila wiki. Mjukuu wangu wa kwanza nilimzika kwenye amani. Basi kama hospitali haiji kwetu mpaka tupigwe, tunaomba mtupige.”

Mtukufu alimtazama Jenerali, Jenerali akamtazama Waziri wa Afya, Waziri wa Afya akatazama viatu vyake. Halafu uso wa Mtukufu ukakunjuka. Alikuwa amekumbuka.

“Utani!” alisema, akimwinulia Bi Somoe kidole. “Huyu mama ana utani!”

Akacheka. Na kwa kuwa yeye amecheka, Jenerali akacheka, mpambe akacheka, Waziri wa Afya akacheka kwa shukrani, na Kapteni Fungafunga, ambaye sasa alikuwa anajua utani ni nini, akacheka kuliko wote. Nyuma yao askari waliishusha nguzo ya mwisho, wakalikunja turubai na kulipakia lorini. Kicheko kiliendelea kupaa kwenye vipaza sauti, kikavuka mto, huku Bi Somoe akiwa amesimama katikati yao na mtoto kifuani. Alitafuta uso mmoja tu pale chini. Likongo, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumsikia Somoe akinena bila kumcheka, hakucheka.